Kalamu ya Ijara Katika Njia ya Tabora

Zamani za misafara, mpagazi wa Unyamwezi aghalabu alikuwa mtu huru. Alipatana ujira wake kabla ya kuinua mzigo, akapokea sehemu ya nguo zake za merikani mapema, akajitwika frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, akaifuata bendera ya kirangozi. Njaa ikitokea njiani ilikuwa yake. Homa ikimshika ilikuwa yake. Lakini mzigo ukifika salama, faida kubwa ilikuwa ya tajiri aliyekaa pwani. Hata hivyo watu wa Unyamwezi waliipenda kazi hiyo na kuiona kuwa alama ya utu uzima, na kijana ambaye hakupata kuiona bahari alikuwa na neno dogo mbele ya wenzake.

Mwandishi asiye na mwajiri ni ndugu wa mpagazi huyo. Naye ni mtu huru. Naye hupatana ujira kwa kila mzigo. Naye hubeba mbali kitu ambacho thamani yake haijulikani mpaka kifike kwa mnunuzi. Mzigo wake ni maneno. Akiugua hana wa kumlipa siku za ugonjwa, na akichelewa, mwingine hutangulia kuuza habari ile ile. Uhuru wake ni asali na shubiri katika kikombe kimoja. Watu hudhani kuwa hali hii ni ya miji mikubwa yenye magazeti mengi na wachapaji wengi, lakini moja ya mifano yake iliyo wazi kabisa ilitokea katika njia ya kati ya Tanzania, baina ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, katika miaka ya 1871 hata 1874. Waandishi wawili walipita njia hiyo. Mmoja alitajirika na kupata jina duniani. Wa pili amelala Urambo, na ni wachache wanaomkumbuka.

Tabora, ambayo wasafiri wa kwanza kutoka Ulaya waliijua kwa jina la Kazeh, ilikuwa moyo wa njia hiyo. Burton na Speke walipofika huko Novemba 1857 waliwakuta Waarabu wamekwisha kujenga tembe zao kubwa katika nchi ya Unyanyembe, na mashamba na maghala kando yake. Njia ya kutoka pwani ilifika hapo ikagawanyika: moja ikaenda magharibi mpaka Ujiji, moja ikapanda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda, na moja ikashika kusini-magharibi kupitia Ukonongo. Pembe za ndovu na watumwa waliteremka. Nguo, shanga, nyaya za shaba na baruti zilipanda.

Habari nazo zilikuwa bidhaa katika soko hilo. Aliyekuwa na habari ya vita njiani aliweza kuokoa mali, na aliyeikosa aliweza kupoteza roho. Lakini habari iliyoandikwa ilihitaji miguu ya watu. Hapakuwa na posta wala waya wa simu. Barua ilitiwa katika mfuko, mfuko ukapewa tarishi, na tarishi akatembea miezi, akingoja msafara pale njia ilipokuwa na hatari. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuishi kwa kalamu huko bara alikuwa na kazi mbili: ya kwanza kuandika, na ya pili kuomba Mungu barua yake ifike.

Henry Morton Stanley alikuja Tabora akiwa na ujuzi wa kazi hizo zote mbili. Alizaliwa Denbigh, nchi ya Wales, mwaka 1841, kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Alivuka bahari kwenda Marekani akiwa kijana, akabadili jina, akapigana vitani, kisha akaanza kuyauzia magazeti habari. Mwezi wa Desemba 1867 alimwendea James Gordon Bennett, kijana mwenye gazeti la New York Herald, akaomba apelekwe Uhabeshi, ambako Waingereza walikuwa wakienda kupigana na Mfalme Theodore. Masharti aliyopewa yalikuwa masharti ya kibarua hasa: aende kwa gharama zake mwenyewe, asiliuzie gazeti jingine, naye atalipwa kwa kila barua, kazi yake ikipendeza, ndipo ataandikwa miongoni mwa watumishi wa kudumu.

Stanley aliyakubali masharti hayo kama mpagazi anavyoukubali mzigo, kwa kuupima kwanza uzito. Alipopita Suez alipatana kwa siri na karani wa simu, akampa fedha, ili habari zake zitangulizwe mbele ya za wengine. Magdala ilipoanguka, Aprili 1868, habari yake ikapita kwanza, na mara baada ya hapo waya wa chini ya bahari ukakatika. Basi watu wa London, na hata serikali yenyewe iliyotuma jeshi, wakapata habari ya ushindi wao kwa njia ya gazeti la Marekani. Tangu siku hiyo kibarua akawa mtumishi. Tendo lile la Suez halikuwa la kusifiwa, lakini linafundisha jambo moja: Stanley alifahamu mapema kwamba katika biashara ya maneno haitoshi kubeba mzigo vizuri, hapana budi mtu ajue ni nani anayeshika mlango wa mwisho wa njia.

Mwaka 1869 Bennett alimwagiza amtafute Dr. Livingstone, ambaye Ulaya haikuwa na habari zake za hakika. Agizo hilo lilikuwa la heshima, lakini halikumwondolea mashaka ya kalamu ya kujitegemea. Stanley alipofika Unguja, Januari 1871, alikuta hakuna fedha wala barua iliyomngoja kutoka kwa mwenye gazeti. Alikuwa na dola chache mkononi, na mbele yake safari iliyohitaji mamia ya mizigo ya nguo na shanga. Aliyemwokoa ni balozi wa Marekani, Francis Webb, ambaye alimdhamini mbele ya wafanyabiashara hata akapata vitu kwa hundi juu ya jina la Bennett. Msafara mkubwa uliosifiwa duniani ulianza safari yake kwa mkopo, kama ilivyokuwa misafara mingi ya Waswahili na Waarabu iliyoutangulia.

Stanley mwenyewe aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akaingia Tabora tarehe 23 Juni. Alipewa tembe huko Kwihara, nje kidogo ya mji. Katika muda wa miezi mitatu aliyokaa hapo yalimpata karibu mambo yote ambayo humpata mwandishi wa namna yake. Homa ilimlaza mara kwa mara. Mwenzake Mzungu, Shaw, alidhoofika, na baadaye alikufa huko huko Kwihara. Vita vikazuka baina ya Waarabu na Mirambo, mtemi wa Urambo, na njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley akaingia vitani upande wa Waarabu kwa tamaa ya kuifungua njia. Jeshi lao likashindwa, na mwezi wa Agosti watu wa Mirambo wakauingia mji wa Tabora wenyewe, akauawa Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu. Tarehe 20 Septemba Stanley aliondoka kwa kuizunguka njia ya kusini.

Katika taabu zote hizo aliendelea kuandika. Barua aliyoiandika Kwihara mwezi wa Julai 1871 ilitokea gazetini New York mwezi wa Desemba, baada ya zaidi ya miezi mitano. Yafaa msomaji auweke moyoni muda huo. Mwandishi aliandika asijue kama kuna mtu atakayesoma, na alipokuwa akisomwa, yeye alikuwa amekwisha kufika mahali pengine kabisa, katika shida nyingine ambazo barua haikuzitaja. Kalamu ya ijara hulipwa leo kwa njaa ya jana.

Mtu aliyetafutwa alikuwa naye mwandishi, tena katika dhiki iliyopita ya Stanley. Huko Nyangwe, katika Manyema, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Alichukua magazeti ya zamani aliyokuwa nayo, akaandika katikati ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza mwenyewe kutoka katika mimea ya huko. Kwa wino huo na juu ya karatasi hizo aliandika habari ya mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, aliyoyaona kwa macho yake. Aliporudi Ujiji alikuta vitu alivyoletewa kutoka pwani vimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Na barua zake mwenyewe zilikuwa zimekwama: Stanley alikuta Unyanyembe mfuko wa barua za Livingstone uliotiwa alama ya tarehe 1 Novemba 1870, akauchukua yeye mpaka Ujiji. Ulifika baada ya mwaka mzima.

Wawili hao walionana Ujiji mwezi wa Novemba 1871, wakarudi pamoja Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Siku za Kwihara zilikuwa siku za kalamu. Stanley alimwachia mgonjwa wake vitu vya kutosha, naye akapokea shehena yenye thamani kuliko pembe zote za Tabora: barua za Livingstone na daftari zake zilizotiwa lakiri. Baina ya barua hizo zilikuwamo za kumshukuru Bennett, na gazeti likazichapa. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley alishika njia ya pwani, na mwaka huo huo kitabu chake kikatoka, kikanunuliwa kwa pupa.

Lakini mwandishi wa kujitegemea, hata anapofaulu, hafaulu bila kushtakiwa. Huko Uingereza walitokea watu wakubwa waliodhani kuwa habari yote ni uzushi na kwamba barua zile ni za kughushi. Ilihitajika watu wa nyumba ya Livingstone waseme kuwa mwandiko ni wake kweli ndipo ulimi wa wengi ukalegea, na Malkia Victoria akampelekea Stanley kisanduku cha dhahabu. Kalamu yake ilikuwa na kosa jingine ambalo wasomaji wa London hawakuliona. Mirambo aliyeandikwa mwaka 1871 alikuwa jambazi tu, kwa kuwa mwandishi alikuwa upande wa adui zake na mnunuzi wa habari alipenda hadithi ya namna hiyo. Stanley huyo huyo alipokutana na Mirambo mwezi wa Aprili 1876 alichanjiana naye udugu, akaandika kuwa ni mtu muungwana. Mtemi hakubadilika kiasi hicho katika miaka mitano. Kilichobadilika ni mahali alipokaa mwandishi.

Sasa lazima kutaja wa pili. Stanley alipofika Unguja mwaka 1872 aliajiri watu wa kumpelekea Livingstone, nao wakawasili Kwihara katikati ya Agosti mwaka huo. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliosomeshwa na wamisheni karibu na Nasik, katika Bara Hindi. Mmoja alikuwa Jacob Wainwright. Asili yake ilikuwa Myao. Alitekwa utotoni, akauzwa, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, akapelekwa Bara Hindi kufundishwa kazi na kusoma. Jina alilolitumia hakupewa na mama yake, na lugha aliyoiandika haikuwa ya kwao. Lakini mwandiko wake ulikuwa safi, na hivi karibuni mwandiko huo ungehitajiwa kuliko bunduki.

Tarehe 25 Agosti 1872 Livingstone aliondoka Kwihara kwa mara ya mwisho. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi na James Chuma, wakubwa wa watu wake, walikata shauri la ajabu: kuukausha mwili na kuuchukua mpaka baharini. Moyo ulizikwa chini ya mti, na Jacob akasoma sala za maziko. Kisha akachonga katika gome la mti jina la marehemu na tarehe. Aliitwa pia kuandika orodha ya vitu vyote vya marehemu, ili asije mtu pwani akasema kuwa kimoja kimeibiwa. Wazee husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Jacob aliishika daftari ya mali ya mtu mwingine, akaishika kwa uaminifu. Na wakati huo huo akawa anaandika daftari yake mwenyewe ya safari, siku kwa siku, tangu kifo kile mpaka Februari 1874.

Walipofika Ukonongo, mwezi wa Oktoba 1873, walisikia kuwa kuna Wazungu Unyanyembe, wakadhani mmoja wao ni mtoto wa marehemu. Jacob akaandika barua, na Chuma akatangulia nayo haraka. Tarehe 20 Oktoba aliifikisha Kwihara kwa Luteni Verney Lovett Cameron, ambaye alikuwa mgonjwa wa homa, macho yake hayaoni vizuri. Hiyo ndiyo barua iliyotoa habari ya kifo cha Livingstone kwa ulimwengu. Habari kubwa kuliko zote zilizopata kupita katika njia ya Tabora katika karne ile iliandikwa na kijana Myao aliyepata kuwa mtumwa, akiwa njiani, bila gazeti nyuma yake na bila ahadi ya malipo ya mstari hata mmoja. Laiti barua hiyo ingeandikwa na mtumishi wa gazeti, mwandishi wake angaliweza kuishi kwa hiyo maisha yake yote.

Cameron alishauri mwili uzikwe pale. Wachukuzi walikataa. Mbele ya Unyanyembe, huko Kasekera, walisikia kuwa watu wa nchi hawatakubali maiti ipite, basi wakafanya hila: wakauvika mwili sura ya mtumba wa nguo wa kawaida, na kwa njia hiyo ukapita. Mwili wa mwandishi aliyejulikana duniani ulitembea sehemu ya safari yake ya mwisho ukiwa na sura ya mzigo wa mpagazi. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Hapo waliopakia mzigo wakaachana nao. Walilipwa mishahara yao wakatawanyika, na kati ya wote Jacob peke yake ndiye aliyepanda meli pamoja na mwili, kwa kuwa jumuiya ya wamisheni waliomsomesha ilimlipia nauli. Tarehe 18 Aprili 1874 jeneza liliingizwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Waliolisindikiza kwa kushika pembe zake walikuwa wanane. Mmoja alikuwa Stanley. Mwingine alikuwa Jacob Wainwright, Mwafrika pekee kati yao.

Inafaa kusimama kidogo mbele ya jeneza hilo. Waandishi wawili wa njia ya Tabora, ambao mmoja alikwisha kuondoka Kwihara mwingine hajafika, walikuwa hatua chache baina yao, kila mmoja na mkono wake juu ya sanda moja. Stanley alikuwa ameandika jinsi Livingstone alivyoonekana. Jacob alikuwa ameandika jinsi alivyofichwa machoni pa ulimwengu na kurudishwa kwake. Kila mmoja alikuwa na hadithi ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuisimulia. Tofauti yao ilikuwa nje ya kanisa.

Stanley alikuwa na gazeti, na mwaka huo huo magazeti mawili, moja la London na moja la New York, yalishirikiana kumpeleka Afrika tena. Jacob alichukuliwa kutoka mkutano hadi mkutano wa wafadhili wa misheni, akatazamwa, akasikilizwa, akarudishwa Afrika Mashariki kabla ya mwaka kwisha. Daftari yake ya safari ilifasiriwa kwa Kijerumani ikatokea mwaka 1874 katika jarida la jiografia la Petermann. Kwa Kiingereza, lugha aliyoiandika mwenyewe, haikuwafikia wasomaji katika maisha yake. Ilikuwa karne ya 21 ndipo ilipochapishwa. Kitabu kikubwa cha siku za mwisho za Livingstone kilitoka mwishoni mwa 1874 katika majuzuu mawili, na mhariri wake, Horace Waller, aliijaza sehemu ya mwisho kwa masimulizi ya Susi na Chuma, walioletwa Uingereza baada ya maziko. Chama cha jiografia cha London kilitengeneza nishani za fedha kwa ajili ya watu wa msafara. Wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika, na nishani hailiki.

Je, tofauti hiyo ilitokana na kipaji? Bila shaka Stanley alikuwa na kalamu nyepesi na moyo mgumu, na kitabu chake husomwa kama hadithi. Lakini kipaji peke yake hakielezi mambo yote. Stanley alipoleta habari yake, watu walimshuku, akapigana, akaaminiwa. Jacob alipoleta yake, hakuna aliyemshuku. Aliaminiwa mara moja. Lakini aliaminiwa kama shahidi, hakuhesabiwa kama mwandishi. Shahidi hulipiwa nauli na chakula mpaka aseme aliyoyaona, kisha huambiwa ahsante. Mwandishi hulipwa kwa maneno yake, na maneno hayo hubaki mali yake. Ulaya ya siku zile ilikuwa tayari kumpa Mwafrika heshima ya kushika jeneza. Haikuwa tayari kumpa nafasi ya jina lake juu ya jalada la kitabu.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya kazi yenyewe. Katika njia ya misafara, faida haikukaa kwa aliyebeba pembe, wala hata kwa aliyeipata porini. Ilikaa kwa yule aliyekuwa na mkono wake pwani, mwenye ghala, mizani na jahazi. Katika njia ya maneno mambo yalikuwa hivyo hivyo. Ghala lilikuwa London na New York, mizani ilikuwa mikononi mwa mhariri, na jahazi lilikuwa mtambo wa kupiga chapa. Stanley aliijua pwani hiyo kwa kuwa alizipanda ngazi zake akiwa kibarua, akahonga karani pale alipoona mlango umebanwa. Jacob alifika huko mara moja tu, akiwa mgeni wa wengine, na waliomleta ndio waliopatana kwa niaba yake.

Waswahili waliotembea katika njia hiyo hiyo walionja jambo hilo pia. Selemani bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya bara, safari ya biashara iliyojaa hongo na mashaka. Simulizi yake ilitiwa katika mkusanyiko wa Carl Velten uliotolewa Ujerumani mwaka 1901. Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi yake Tabora, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, akihimizwa na Heinrich Brode. Kazi hiyo ilichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip alikuwa tajiri, hakuhitaji ujira wa kalamu. Lakini hata yeye maneno yake yalisafiri kama pembe zake: yalitoka bara, yakapita Unguja, yakatiwa thamani Ulaya. Wasomaji wa kwanza wa baadhi ya nathari nzuri kabisa za Kiswahili walikuwa wanafunzi wa Kijerumani waliojifunza lugha ili waje kutawala.

Haifai, hata hivyo, kudhani kuwa mwandishi aliyefaulu aliepuka kupanda na kushuka. Stanley aliandika vitabu vingi, akaingia katika utumishi wa Mfalme Leopold huko Kongo, kazi ambayo uchungu wake waliunywa watu wa Kongo na ambayo doa lake limebaki katika jina lake. Mwaka 1899 akapewa cheo cha heshima na Malkia. Alipokufa mwaka 1904 ilitakiwa azikwe Westminster Abbey kando ya Livingstone, na mkuu wa kanisa hilo akakataa. Mlango ambao aliupita akiwa mchukuzi wa jeneza la mtu mwingine ulifungwa mbele ya jeneza lake mwenyewe. Fedha aliipata, sifa aliipata, lakini kile alichokitamani tangu nyumba ya maskini, yaani kukubaliwa bila masharti, hakikuja.

Jacob Wainwright alirudi katika njia aliyoifahamu. Mwisho wake ulikuwa Urambo, magharibi ya Tabora, katika nchi ya Mirambo, ambako wamisheni wa London walikuwa na kituo chao. Alifariki huko mwaka 1892. Wakati huo Mirambo alikuwa amekwisha kufa, tangu mwaka 1884, na Wajerumani walikuwa wakiikaza mikono yao juu ya Unyanyembe; mnamo Januari 1893 Mtemi Isike aliirukisha ngome yake kwa baruti badala ya kujitoa kwao. Miaka michache baadaye misafara ilianza kufifia, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mpagazi hakuwa tena mfalme wa njia. Tembe ya Kwihara imehifadhiwa kuwa nyumba ya makumbusho kwa ajili ya Livingstone, na wageni huonyeshwa chumba na ua.

Mtu asimamapo katika ua huo hana budi kufikiri kuwa kutoka katika mahali padogo kama hapo zilitoka barua zilizotengeneza sura ya Afrika mbele ya ulimwengu, na kwamba kuna barua moja iliyoingia hapo ikitoka Ukonongo, yenye mwandiko wa mtu ambaye hakupata kuishi kwa mwandiko wake. Kijana wa leo anayeishi kwa kalamu Tabora, Dar es Salaam au Mombasa, asiye na mshahara wa mwezi, anatembea katika njia yao wote wawili. Kwa Stanley ajifunze kuijua pwani: kuulizia masharti, kupatana kabla ya kujitwika, kulilinda jina lake. Asijifunze kuyapinda maneno ili yampendeze mnunuzi. Kwa Jacob ajifunze kitu kigumu zaidi. Katika miezi tisa ya kubeba maiti, penye njaa, homa na hofu, bila mnunuzi yeyote machoni pake, aliifungua daftari yake akaandika yaliyotokea. Hakuna aliyemwagiza, wala hakuna aliyemlipa. Kwa sababu hiyo, baada ya zaidi ya miaka 100, yeyote anayetaka kuijua safari ile kutoka ndani yake hana budi kwenda kwake.

Malipo hayo yalichelewa kuliko barua yoyote ya Kwihara, na mwenyewe hakuyapokea. Wajibu wa wanaokuja nyuma ni kuhakikisha kuwa mpagazi mwingine wa maneno hangoji muda huo.